Mashine za Baharini Zilizolazwa Riyadh

Sisi tuliokulia Mahjar, kusini ya Jeddah, miaka ile mafuta yalipopanda bei na kila pembe ya mji ikawa inachimbwa msingi, hatuna utoto wa kuringia watu. Lakini tulikuwa nao, tena wetu. Nasema na nyinyi wenzangu mliokula vumbi la saruji pamoja na mkate wa tamizi, ule mpana wa tanuri, mliocheza nage kwa mpira wa soksi huku gari la zege linakupigieni honi mpishe njia. Mnakumbuka? Wanangu nikiwahadithia hunitazama kama naongopa. "Yaani Mama, hamkuwa na AC?" Hatukuwa nayo. Tulikuwa na dirisha, na hilo dirisha lilikuwa la joto kuingilia.

Wazee wetu walitoka Unguja baada ya sitini na nne, kila mmoja na alichokiwahi mkononi. Wakapitia huku na huku, mwisho wakaangukia Jeddah kwa nia ya Hija, wakabaki. Vyumba vyetu vilibanana hata ukipika mchuzi jirani anajua umetia ndimu au umesahau. Nazi hazikuwapo. Mpaka mahujaji wa kwetu waje ndio watuletee mbili tatu kwenye mikoba, na siku hiyo kichochoro kizima kinanukia wali, kina mama wamekaa juu ya mbuzi wanakuna na machozi yanawatoka. Mimi nilidhani ni vitunguu. Skuli tulisoma Kiarabu, na mwalimu akiniita Zinjibariya, jina langu halisi hakupata kulijua. Nikirudi nyumbani nimejisahau nikasema "yalla" mbele ya Mama, ananikata jicho: "Kiarabu kiache mlangoni na viatu."

Baba yangu, Mselem, alikuwa fundi wa mashine za boti, zile zinazofungwa nyuma, kichwa juu na pangaboi chini majini. Kazi aliifunza Unguja kwa fundi mmoja wa Kigoa. Kafili wake, yaani yule aliyemshikia pasipoti na ikama, kile kibali cha kukaa nchini, alikuwa tajiri wa Riyadh tuliyemwita Abu Turki kama wote walivyomwita. Riyadh haina bahari hata ya dawa. Labda ndiyo maana yule bwana aliipenda bahari hivyo, kama mtu anavyopenda mke wa mwenziwe. Alikuwa na boti ndogo tatu za mbao, za kizamani, alizouziwa na Mtaliano mmoja aliyekuwa anahama. Zilipakwa vanishi hata ukiinama unaona meno yako. Zilikaa Abhur, kaskazini ya mji, pale bahari inapojipenyeza ndani ya nchi kavu. Skuli zikifungwa, Abu Turki huteremka na wanawe, wakavua, wakaogelea, wakachoma samaki. Likizo ikisha wanarudi kwao, na hapo ndipo kazi kubwa ya Baba huanza. Yeye akiita kulaza mashine.

Kulaza mashine, wenzangu, ilikuwa kama kumuandaa maiti wa mtu mkubwa. Baba akizileta nyumbani moja moja kwa pikapu, maana Abhur hakukuwa na maji baridi. Maji baridi kwetu Waunguja ni yasiyo chumvi, hata kama yamechemka kwa jua. Mashine husimamishwa ndani ya pipa uwani, ikawashwa humo itapike chumvi yote iliyokunywa baharini. Ikishatapika, Baba hufunga petroli, na inapokaribia kuzimika akaimiminia oili kooni. Loo! Moshi mweupe utakaotoka hapo, mzito, unajaza uwa mzima, na sisi watoto tunaingia ndani yake tunapiga kelele, tunatafutana kwa kupapasa kama vipofu. Mashine inakohoa, inakohoa, inanyamaza. Baba anafungua plagi, anatia oili, anaizungusha kwa mkono taratibu. Anamwaga oili ya chini, anaitia kidoleni anaitazama kwa jua. Ikiwa nyeusi, alhamdulillahi. Ikiwa na rangi ya maziwa, basi maji yameingia na siku hiyo hatusemeshwi.

Maji hayo ya pipa yalikuwa ndiyo ugomvi wa nyumbani. Gari la maji, wayti, lilikuwa linakuja mtaani likitaka. Tunapanga ndoo tangu alfajiri, tunasukumana, tunatukanana kwa lugha tatu. Halafu yale maji yote anapewa nani? Mashine ya Abu Turki. Mama husimama mlangoni kajishika kiuno.

"Mselem, mashine inaoga, wanangu wananuka jasho."

"Ukiilaza vizuri, Mwanaisha, itaamka vizuri."

"Na mimi nitaamka vipi?"

Baba hucheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka, Baba, na hili nalisema kwa sababu baadaye hamtaliona.

Mwisho kabisa, mashine ikishapakwa grisi na kuvikwa shuka kuukuu, Baba huisimamisha bandani na mguu wake ndani ya karai la maji baridi, na maji hayo hayaachwi kukauka hata siku moja. Ndani ya ule mguu, alitueleza, mna kipande cha mpira kinachovuta maji ya kuipooza mashine. Joto la Jeddah likikikausha kitapasuka, na mashine itaungua mara ya kwanza ikiwashwa. Kile kitabu kilichokuja na mashine kilisema vingine: kilisema maji yote yatolewe, lisibaki hata tone. Kilikuwa na picha ya banda limefunikwa kitu cheupe juu ya paa, na mdogo wangu Sele alidhani ni pamba. Baba akamwambia ni theluji, maji ya kule kwa Wazungu hugeuka mawe. "Hayo ni ya nchi zao," akasema, akakifunga kitabu. Sote tukacheka, na Mama naye akacheka. Nani pale Mahjar angeogopa maji kuganda, na sisi barafu tunaitafuta kwa tochi?

Basi mwaka ule Abu Turki akaanza kujenga nyumba kubwa kule Abhur, ukingoni mwa maji. Pale boti zilipokaa pakajazwa kifusi. Akamwita Baba akamwambia hataki boti zake zikae kwenye vumbi na chumvi. Atazipeleka Riyadh, shambani kwake nje ya mji, kwenye hewa kavu, mpaka nyumba imalizike. Na Baba aende nazo akazitunze. Akaapa mbele ya watu, kashika ndevu zake: "Mashine zangu zikirudi baharini, Mselem, nawe utarudi nazo. Utakaa na wanao hapa hapa Abhur, nitakupa chumba."

Mama hakupenda. Nakumbuka alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Usende. Mwambie una watoto."

"Ikama yangu iko kwake. Nitamwambia nini?"

"Ahadi ya tajiri ni kaa la moto, Mselem. Hujapata kuitia kifuani ikakuunguza?"

"Ameapa, Mwanaisha. Mtu ameapa."

Sisi hatukuweza kumfuata. Kule shambani hakukuwa na skuli, na Mama alikuwa anashona kwenye nyumba moja mtaa wa Aziziya, bibi wa pale hakutaka kumuachia. Kwa hiyo boti zikapakiwa juu ya lori, mashine zikafungwa ndani ya magodoro, na Baba akakaa nyuma pamoja nazo, kazikumbatia zisigongane. Lori likapiga honi, Sele akalikimbilia mpaka barabara kubwa. Mimi nilibaki nimeshika kopo la oili alilolisahau.

Tukawa tunamngojea mwaka mzima. Kila Ijumaa Mama alitupeleka Abhur kwa basi, si kuogelea, bali kutazama nyumba ya Abu Turki imefika wapi. Tulizijua kuta zake kuliko wajenzi. Dari likapigwa, tukala halua. Madirisha yakatiwa, Mama akanunua kitambaa cha pazia kwa ajili ya chumba tulichoahidiwa. Jamani, watoto wa siku hizi wanahesabu likizo kwa simu, sisi tulihesabu kwa matofali ya mtu mwingine.

Likizo ya katikati ya mwaka, wakati wa baridi, Mama akapata ruhusa na tukaenda Riyadh kumuona. Alimkaangia Baba samaki, changu wazima wazima, akawafunga kwenye magazeti. Safari nzima abiria wanafungua madirisha. Bibi mmoja wa Kimisri akatuuliza kama tumebeba maiti. Lakini Baba alipowafungua wale samaki, hakuuliza hali wala safari. Alikaa chini mchangani akawala na miiba yao, na vidole akalamba, kisha ndipo akatukumbatia sote kwa mikono yenye harufu ile.

Alikuwa amekonda. Alivaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine, na koti la Abu Turki lililomfika magotini. Shamba lilikuwa na mitende, kondoo, mbwa mmoja wa manjano, na Msudani mmoja aliyemwagilia. Boti zilikaa mchangani chini ya turubai. Mbao zilikuwa zinakauka zinaachana, unaona jua upande wa pili, na Baba kila jioni alizimwagia maji kwa ndoo ili zisifunguke zaidi. Msudani alimtania, "Ya Mselem, mwagilia, mwagilia, zitaota mwakani." Baba alicheka, lakini kicheko kile hakikufika machoni. Mashine zilikuwa bandani, kazivika shuka safi, kila moja na mguu wake ndani ya karai. Kule Riyadh hewa ni kavu mara mbili ya Jeddah, kwa hiyo alizidi kuyaangalia yale maji yasipungue. Mgeni hakuonyeshwa mitende, alionyeshwa mashine.

"Nyumba imebaki nini?" alituuliza.

"Rangi tu, Baba," nikamwambia. "Na milango."

"Rangi na milango," akasema, na usiku ule nilimsikia anaimba.

Kisha ikaja baridi kutoka kaskazini, kavu, ya kukata masikio, siku kadhaa mfululizo. Tulilala sote chini ya blanketi moja na bado meno yanagongana. Asubuhi moja Sele akaja mbio kutoka bandani kashika kipande kinachong'aa. "Dada! Maji yamekuwa kioo!"

Mimi nilikuwa sijapata kuona barafu isiyotoka kwenye friji. Nikatoka pekupeku. Maji ya kondoo yalikuwa kioo, maji ya ndoo kioo, kila penye maji pana kioo. Tukaivunja, tukaimung'unya, tukatiana mgongoni ndani ya nguo. Mama akatoka kuja kutugombeza, Sele akambandika kipande shavuni, naye Mama akapiga ukelele, halafu akakichukua akakila! Mama yangu, mtoto wa Ng'ambo ya Unguja, anakula barafu ya bure jangwani, anacheka mpaka anajishika mbavu. Baba naye akatoka na birika la chai, anatutazama, anacheka na sisi. Hiyo ndiyo furaha ya mwisho ninayoikumbuka ambayo sote wanne tulikuwa ndani yake.

Kisha akakitazama kile kipande alichoshika Sele, na banda alikotokea. Akaweka birika chini. Aliliweka vizuri, lisimwagike, halafu akaingia bandani.

Tukamfuata. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kwanza, kaivua shuka. Barafu ilikuwa imeushika mguu wake ndani ya karai, nene kama mkate. Akaupitisha mkono wake juu ya chuma taratibu, kama unavyompapasa mtoto uliyemuona anaanguka, na mkono ukasimama. Kulikuwa na ufa, kuanzia pale kwenye pampu kuteremka mpaka chini. Akaenda kwa ya pili. Akaenda kwa ya tatu.

"Nini, Mselem?" Mama akauliza.

"Zimepasuka."

"Nani kazipasua?"

"Baridi. Maji yakiganda yanavimba, Mwanaisha. Yanapasua chuma." Akakaa kitako pale chini. "Nilikiona kile kitabu. Nilikiona, nikacheka."

Sitaki kumsikia mtu akisema Baba alikuwa mjinga. Nani alimwambia? Mtu wa Unguja, aliyezaliwa maji yako tele na jua liko tele, angejuaje kwamba maji yale yale uliyoyapigania ndoo kwa ndoo yanaweza kukugeuka yakakuvunjia? Jeddah maji yale yalikuwa dawa. Aliipeleka dawa ya Jeddah Riyadh, basi.

Tangu asubuhi ile Baba hakula. Abu Turki alikuwa anatarajiwa kabla ya likizo yetu kwisha, na mashine hizo ndizo zilizokuwa tikiti ya Baba kurudi. Akatuchukua mimi na Sele tukaenda naye mjini, kule Dirah, kwenye masoko ya zamani, kutafuta fundi wa kuchomea au hata gundi ya chuma. Tulizunguka maduka ya Wayemeni, ya Wahindi, ya Wapakistani. Chuma kile ni laini, kila mchomeaji alikigonga kwa kucha akatikisa kichwa. Mwenye duka mmoja wa vipuri, mzee wa Kiyemeni mwenye tumbo, akamuuliza Baba ni mashine ya nini.

"Ya boti."

"Ya boti? Riyadh?" Akawaita jirani zake, "Njooni, njooni muone! Huyu anatafuta kipuri cha boti!" Wakaja, wakamzunguka, wakamuuliza bahari ameiacha wapi, ameiegesha mtaa gani. Hawakuwa watu wabaya. Walimpa chai, wakatupa sisi pipi. Baba akanywa ile chai kwa adabu, akashukuru, na njia nzima ya kurudi alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi.

Gundi aliipata. Akaziziba zile nyufa, akazipiga msasa, akapaka rangi. Kwa mbali hukuona kitu. Mama akamwambia, "Mwache aone ziko salama, utamwambia mkishafika Jeddah." Baba akaweka brashi chini. "Mashine ya mtu nimeivunja, halafu nimdanganye, kisha niende kula kwenye nyumba yake?" Mama akatoka nje. Alikwenda kukaa na wale kondoo mpaka magharibi.

Abu Turki akaja Alhamisi na gari lake refu, na wageni wawili wakivuta sigara. Baba alikuwa amevaa kanzu yake nzuri na kofia. Sisi tulisimama nyuma ya mitende na Mama, na Mama alikuwa anasoma dua, midomo inakwenda. Baba akampeleka bandani, akavua mashuka yote matatu, akamuonyesha nyufa kwa kidole, moja moja, pale alipozipaka rangi. Akamwambia ni kosa lake. Akainamisha kichwa, anangojea.

Abu Turki akainama akatazama. Kisha akacheka. Akampiga Baba begani, kwa mapenzi kabisa, na sauti yake ilitufikia pale tulipo.

"Mafi mushkila, hakuna neno, ya Mselem! Hizi unazihuzunikia? Nimeshanunua mpya. Boti za faiba, kubwa, mashine zake mbili mbili. Ziko Abhur tangu wiki iliyopita."

Baba akainua kichwa. "Abhur? Nani anazitunza?"

"Kampuni iliyoniuzia imenipa na fundi wao."

"Na hizi?"

"Waachie watoto wachezee."

Baba akajilamba midomo. Nilimuona. "Na mimi, bwana mkubwa?"

Yule bwana akamtazama kama aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Wewe? Wewe una shamba hapa. Msudani anakwenda kwao, utashika nafasi yake. Wewe ni mtu muaminifu, Mselem, nani mwengine nitamuamini? Halas." Akawageukia wageni wake wakaenda kutazama kondoo.

Laiti angemfokea. Laiti angempiga kofi, angemtukania wazazi, angesema utanilipa. Tulikuwa tumejitayarisha kwa yote hayo. Mama alikuwa ameshaficha nguo zetu kwenye mkoba, tayari kukimbia. Lakini kusamehewa vile, kwa kicheko, kwa sababu kitu ulichokikeshea hakina mtu anayekitaka tena, na wewe nawe vivyo hivyo! Baba alisimama pale bandani mpaka gari likaondoka. Kisha akaokota yale mashuka, akayakunja, akampa Mama. "Washonee watoto kitu," akasema.

Tulirudi Jeddah bila yeye. Kile kitambaa cha pazia Mama alikigawa. Abhur hatukwenda tena Ijumaa, na Sele akiuliza nyumba imepakwa rangi gani, Mama alimwambia anyamaze ale. Baba alimuomba Abu Turki amuachie ahamie kwa kafili mwengine, akaomba kwa adabu, akaomba kwa watu wazima, akaomba Ramadhani na Idi. Jibu lilikuwa lile lile la upole: vipi nimuachie mtu kama wewe? Baba alikuja kwetu kila Idi kubwa kwa basi, na tende. Mwanzo tulimrukia shingoni. Baadaye tukawa tunamtandikia mkeka wa wageni. Mama alifariki akingali anamwita "baba yenu wa Riyadh", na habari ilimfikia Baba maziko yameshapita.

Miaka ikenda. Abu Turki naye akafa, na mwanawe, kijana mwenye haraka zake, akalipangisha lile shamba kwa watu wa sherehe. Akatia sahihi karatasi ya kumuachia Baba siku ile ile aliyoombwa, wala hakuuliza ni nani. Mimi wakati huo nina watu wangu, nina fleti Aziziya, na Sele ana gari. Tukamtayarishia Baba chumba. Tukachagua chenye dirisha la magharibi ili apate upepo wa baharini. Sele akamfuata Riyadh akamleta, na alipofika nikapiga vigelegele mpaka majirani wa Kihindi wakatoka.

Kesho yake tukampeleka ufukweni. Nilipika wali wa nazi, nikakaanga changu, tukatandika mkeka karibu kabisa na maji. Baba akakaa. Alikula kidogo, akasema miiba mingi. Kila wimbi likipiga alikuwa anashtuka na kugeuka nyuma kutazama nani kaja. Mwisho akageuza mkeka, akaipa bahari mgongo, akakaa anatazama barabara.

"Baba, huitazami bahari?"

"Ina kelele," akasema.

Hakulala nyumbani kwangu. Alikaa sebuleni kwenye zulia na kanzu yake, anasema hewa nzito, inamshika kifua. Nikafunga madirisha, nikawasha AC, nikamchemshia tangawizi. Asubuhi nikamkuta kavaa viatu. "Mwanangu," akaniambia, kwa ile sauti yake ya kuomba, ile aliyomuombea Abu Turki miaka yote, "niambie Sele ananirudisha lini. Yule mbwa hajala."

Mbwa gani, jamani? Yule wa manjano alikufa zamani. Lakini Sele alimrudisha. Tungefanya nini? Alimkuta jamaa wa lile shamba, akamuombea Baba chumba cha mlinzi, na huko ndiko alikomaliza siku zake, na huko ndiko alikozikwa, kwenye ardhi kavu, bila hata kibao, ndivyo ilivyo desturi yao.

Siku hizi nikipita Abhur naona vijana wanavyopasua maji na vile vipikipiki vya baharini, vimekodishwa kwa saa, chumvi wala hawaisuuzi. Mjukuu wangu anasema, "Bibi, ikiharibika wanaleta nyingine." Nashindwa hata kumgombeza, maana anasema kweli, na yeye hakuianza desturi hiyo. Enzi zetu tulikuwa na pipa moja la maji baridi kwa watu na mashine, na tulikuwa na mtu Riyadh wa kumngojea. Leo maji yanatoka ukutani usiku na mchana, na hatumngojei mtu. Chumbani kwa Baba tumeweka pasi na nguo za kufua. Godoro tulilomnunulia bado liko ukutani, limesimama, na nailoni yake ya dukani hatujaitoa.